Asali Ilishuka kwa Kamba

Jumamosi, tarehe 8 Novemba. Kigwa. Tangu alfajiri wingu limesimama upande wa mashariki, jeusi, halisogei. Joto linakaba. Upepo unakuja ghafla, unarusha vumbi la stesheni mpaka kwenye masufuria, kisha unatulia kama haukuwepo.

Vijana wangu wa kikundi cha nyuki, mliniomba niwaandikie maneno machache kuhusu kazi yetu ya zamani, mkayasome kwenye mkutano wenu. Nilikubali, halafu nikajuta. Shule yangu iliishia darasa la nne, na mambo mengi niliyoyafanya msituni niliyafanya kwa sababu niliyakuta yakifanywa. Hata hivyo nilikuwa nimejipanga kuwaandikia habari za moshi na jinsi ya kujua sega lililoiva. Jana jioni mjukuu wangu Shabani akaja na ombi lake, na tangu hapo habari za moshi zimenitoka kichwani.

Shabani mnamfahamu. Ni mtoto wa binti yangu Asha, na ndiye yule mnayemtazama kwenye simu akipanda miti mirefu kwa mikono na miguu mitupu, bila kamba, bila mkanda. Keshokutwa anapanda treni kwenda Usinge. Ndani ya msitu wa kule kuna mti mmoja mrefu wa mtundu, una mzinga juu kabisa, na msimu huu hakuna aliyeugusa. Anataka niende naye nikamshikie mti. Kamba hataki. Jibu atalifuata leo mchana, na mpaka sasa ninavyoandika sijui nitamwambia nini.

Kwa wale mlioanza na mizinga ya masanduku, ngoja nieleze kushika mti ni nini, maana siku hizi hakuna anayeshika.

Katika kambi yetu hakuna mtu aliyepanda peke yake. Mmoja alipanda, mwingine alibaki chini, kiganja cha kushoto kimelala kwenye gome. Huyo ndiye mshika mti. Hashiki ili mti usitikisike. Nani anaweza kuuzuia mtundu? Anashika ili ajue. Haruhusiwi kutazama juu, kwa sababu makaa ya mwenge yanadondoka machoni. Haruhusiwi kuondoa mkono. Habari zote za mwenzake anazipata kupitia gome. Mlipokuwa watoto hapa Kigwa mliwahi kuweka kiganja kwenye reli, mkaisikia treni ikiwa bado haijaonekana. Ni vile vile. Mtu akipanda vizuri, unamsikia kwa vishindo: mguu, kimya, mguu, kimya. Akichoka vishindo vinakaribiana. Akianza kuogopa vishindo vinakoma, na badala yake unakuja mtetemo mdogo, mwembamba, unaoingia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Huo ni magoti yake.

Aliyenifundisha ni Maganga, mkubwa wa kambi yetu, mtu mfupi mwenye vidole vya miguu vilivyotawanyika kama vya mjusi. Siku yangu ya kwanza kushika mti, siafu waliniingia kwenye suruali. Nikakumbuka sheria: mkono usitoke. Nikacheza ngoma yote, mguu huu, mguu ule, kiganja kikiwa palepale. Maganga aliposhuka akanitazama sana.

“Kumbe ni wewe?” akasema. “Mimi huko juu nilidhani mti una homa.”

Kambi nzima iliniita Homa msimu mzima. Nasimulia hili ili msidhani tulikuwa watu wa huzuni. Tulicheka sana. Ila tulikuwa tunacheka chini.

Sasa habari ya kamba. Kamba tulikuwa nazo, tena nzuri, za gome la myombo, tulizozisokota wenyewe. Lakini zilikuwa za asali. Mtu alipanda mitupu, yaani kwa mikono na miguu tu, amejifunga ncha ya kamba kwenye mshipi, na alipofika juu aliivuta ndoo, akaijaza masega, akaishusha taratibu kama anamshusha mtoto mchanga. Akishamaliza alishuka mwenyewe kwa makucha yake. Hakuna aliyeshangaa. Mimi pia sikushangaa, na nilikuwa pale miaka mingi.

Mnauliza kwa nini mtu asijifunge ile ile kamba. Swali zuri, na yupo aliyelijibu kwa vitendo. Aliitwa Salumu, shemeji yake Maganga, mtu mpole aliyeogopa kimo na hakuona aibu kusema. Siku moja alisema yeye hapandi tena kama nyani, atajifunga. Akajizungushia kamba kiunoni na kwenye tawi, akafunga fundo alilolijua. Na fundo tulilolijua sote lilikuwa moja, fundo la mzigo. Babu zetu waliopita njia ya misafara kwenda pwani walifungia hilo mizigo yao ya nta na pembe, na sifa yake ni kwamba kadiri mzigo unavyokuwa mzito ndivyo linavyokaza. Kwa mzigo hakuna fundo zuri kuliko hilo.

Nyuki walitoka kwa hasira. Inatokea, moshi ulikuwa mdogo, upepo uligeuka. Mtu asiye na kamba angeteleza chini, achubuke kifua, akimbie. Salumu alikunja mwili, uzito wake ukaingia kwenye fundo, fundo likakaza. Maganga alipanda akiwa na kisu kukata kamba, nyuki wakiwa wamemfunika uso. Salumu tulimtoa akiwa hai. Hakufika zahanati.

Kwa haki, niseme hivi: kamba haikumuua Salumu. Lakini ungekuwepo pale, ungesema imemuua. Maganga alisema hivyo. Tangu siku hiyo alipiga marufuku mtu kujifunga katika kambi yake, na mtu aliyekata kamba ile kwa mkono wake, akiwa amevimba macho yote mawili, nani angembishia? Mimi sikumbishia. Hata leo nikijiweka mahali pake, naona alikuwa na sababu.

Miaka mingine ikapita. Tulipanda mitupu, tukashuka. Halafu ikawa siku moja ya kiangazi, jua linazama, Maganga yuko juu ya mninga na mimi nimeshika. Alikuwa amekwisha kuzeeka kidogo, si sana. Vishindo vyake vilikuwa vizuri mpaka alipofika. Akapiga kisigino kwenye shina kunijulisha amefika. Ndoo ikapanda. Ikaanza kushuka, imejaa. Na hapo katikati, kiganja changu kikapata ule mtetemo.

Sikuwahi kuupata kutoka kwake. Nilidhani nakosea. Nikabonyeza mkono zaidi kwenye gome. Ulikuwepo.

Nikasema, “Maganga, shuka.” Mshika mti hasemi kwanza, ni mwiko, lakini nilisema.

Sauti yake ikashuka, ya kawaida kabisa: “Asali kwanza.”

“Acha asali, bwana. Magoti yako nayasikia.”

“Asali kwanza, Homa.”

Halafu gome likanyamaza. Huo ndio ukimya ambao sijui kuuandika. Mtu akiwa juu ya mti, hata asipojongea, mti una kitu. Ulipokuwa mtupu nilijua kabla sijamsikia akitua.

Nilipoinua macho, ndoo ilikuwa inaning'inia palepale, kamba aliyoizungusha kwenye tawi imeishika, inazunguka polepole. Hata tone halikumwagika. Na yeye alikuwa chini miguuni pangu.

Hakufa. Wengi wakisimulia wanamuua hapo, kwa sababu hadithi inakuwa fupi. Maganga aliishi miaka mingi baada ya hapo, ila kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa tena na mwili wake. Alilala kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, na mkewe, Bi Mwajuma, ndiye aliyemgeuza asubuhi, mchana na jioni ili ngozi isioze. Mwanamke yule alikuwa na biashara yake ya vitumbua hapo stesheni, aliiacha. Alikuwa na maneno mengi na kicheko, navyo viliisha. Nilikwenda kumsalimia mgonjwa mara kwa mara, nakaa kitako, tunaongea habari za msituni, Maganga anafurahi. Siku moja natoka, Bi Mwajuma akanisindikiza mpaka uani, mikono yake ina povu la sabuni.

“Shemeji,” akasema, “ninyi mlikuwa mnashika mti. Mimi nashika mtu.”

Hakusema kwa ugomvi. Akarudi ndani.

Nimeacha hapo kwa sababu naona pikipiki ya Shabani inaingia.

*

Narudi kuandika, ni baada ya magharibi.

Shabani aliingia bila shikamoo, kama kawaida yake; mimi na yeye ni watani tangu alipoanza kutembea. Mke wangu, Mama Asha, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua nsansa, zile mboga za majani zilizokaushwa.

“Karibu, mume wangu,” akamwambia. “Huyu mwenzio leo hajala vizuri. Anaandika tu, kama anaandika wosia.”

“Wosia?” Shabani akacheka. “Mzee, nyumba niachie mimi, na bibi niachie mimi.”

“Bibi chukua hata leo,” nikasema. “Ana maneno.”

Tulicheka. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaniuliza jibu langu. Nikamwambia nitamshikia mti kama atavaa ule mkanda wa kikundi, wenye ndoano inayofyatuka kwa kidole kimoja. Nyuki wakitoka, unabonyeza, uko huru. Huo haukazi kama fundo la mzigo. Salumu angekuwa nao, leo angekuwa anacheza bao.

Akatikisa kichwa. Nataka niyaandike maneno yake kama alivyoyasema, maana si mjinga yule. Alisema mkanda unakuchelewesha kila tawi, na mikono inachoka kwa kufungua na kufunga kuliko kwa kupanda. Akasema akiwa amefungwa akili yake inalala, akiwa huru kila kidole kinakuwa macho. Akasema wanunuzi wa asali wanamjua kwa kupanda kwake. Kisha akasema, “Na mwili ni wangu, babu. Nikianguka, nimeanguka mimi.”

Mama Asha akainua kichwa kutoka kwenye nsansa, akakirudisha.

“Halafu,” Shabani akaendelea, “wewe umepanda mitupu maisha yako yote. Umeshuka salama. Leo ndio uje unifunge mimi?”

Ningemwambia habari za Maganga, lakini amezisikia tangu mdogo, na anajua kuzimalizia kabla yangu. Sijui niliwaza nini. Huenda sikuwaza. Nilivua kandambili.

Uani kwetu kuna mwarobaini, nilioupanda mwenyewe nilipojenga. Si mrefu kama mtundu, lakini umekwishapita paa, na shina lake ni jembamba kiasi cha kumwambia ukweli anayelishika.

“Njoo ushike,” nikamwambia.

“Babu, acha mzaha.”

“Kiganja cha kushoto. Usitazame juu. Mkono usitoke.”

“Baba Asha!” mke wangu akasema. “Baba Asha, una wazimu?”

Nilishaanza. Mwanzo mwili ulikumbuka, na nitasema ukweli, nilisikia raha. Vidole vya miguu vilikamata. Nikafika kwenye panda ya kwanza, nikaipita, nikafika usawa wa bati, nikaona wingu lile jeusi limesogea mpaka juu ya reli. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nikifika panda ya pili nitikise goti makusudi, Shabani aupate ule mtetemo, aujue, nishuke, tunywe chai.

Panda ya pili niliifikia. Sikuhitaji kutikisa goti. Lilikuwa linatikisika lenyewe.

Nilijaribu kulituliza kama mtu anavyomtuliza mbuzi. Halikusikia. Nikashusha mguu wa kulia kutafuta pa kukanyaga, nikakuta gome laini, linateleza. Nikaurudisha. Nikashusha wa kushoto, hivyo hivyo. Hapo upepo ukaja, ule wa ghafla, na mti wote ukainama upande wa kisima. Nilikumbatia shina kwa mikono miwili, shavu limeegemea gome, na nikajua kwamba kushuka sijui. Miaka yote ile nilishuka, na sasa sijui.

Kutoka chini, sauti ya Shabani, ndogo: “Babu. Shuka.”

Nilikaza mikono kwenye shina.

“Babu, nakusikia. Magoti yako nayasikia. Shuka.”

Yale yalikuwa maneno yangu, na hakujua kwamba ni yangu. Sehemu hiyo sijawahi kumsimulia mtu, ndiyo kwanza nimeiandika leo. Nikataka kusema kitu cha utani.

“Babu!” Sasa sauti ilikuwa ya mtoto. “Babu, shikamoo. Shikamoo babu, shuka basi, nakuomba.”

“Marahaba,” nikasema. Ndilo neno pekee lililotoka. Kisha nikaongeza, “Siwezi.”

Mama Asha hakupiga kelele. Alikwenda kisimani, akafungua kamba kutoka kwenye ndoo, akaileta. Nilisikia akimwambia Shabani, “Mrushie. Ukilia utalia baadaye.”

Alirusha, ikapita pembeni. Akarusha tena, ikanigonga bega, nikaidaka kwa mkono mmoja. Nikaipitisha chini ya makwapa, na vidole vyangu, vyenyewe, vikaanza kufunga fundo la mzigo. Nikaviona vikifanya. Nikavifungua. Nikafunga lile fundo la kufyatua, ambalo ncha yake ukiivuta linaachia, mlilonifundisha ninyi kwenye kikundi, na ambalo siku ile nilijifanya nalijua. Nikaizungusha kamba kwenye tawi nene, nikamwachia Shabani upande wake.

“Umeshika?”

“Nimeshika.”

“Usiniangushe kwa sababu ya nyumba.”

Hakucheka. Nikaachia shina. Nilining'inia, nikazunguka polepole, nikaona bati, kisima, bati, kisima. Akanishusha taratibu sana, kamba ikisaga kwenye tawi, mpaka miguu ikagusa mchanga. Hivyo ndivyo nilivyoishusha asali yangu miaka yote, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kushuka namna ile.

Nilivuta ncha, fundo likaachia. Mama Asha alinifuta vumbi usoni kwa upande wa khanga yake, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. “Bi Mwajuma alikuwa na mikono yenye nguvu,” akasema. “Mimi sina.” Kisha akarudi kwenye nsansa.

Shabani alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa na alama za gome, mistari mistari, na cha kulia kimechubuliwa na kamba. Alikuwa anakitazama kile cha kushoto.

Vijana wangu, sina hakika kama nilifanya haki. Kumtisha mtu kwa uhai wako si kumshawishi, ni kumkaba. Ningeanguka, angebeba yeye mzigo wa maisha, na hakuwa ameuomba. Mnaweza kusema mzee huyu alifanya lile lile analokataza, na mtakuwa mmesema kweli. Na hoja zake Shabani bado zipo, sijazijibu hata moja. Mkanda unachelewesha, kweli. Mwili ni wake, kweli. Ninachojua ni kile kilichoingia kwenye kiganja chake leo, kwa sababu kimekaa kwenye changu tangu ujana na hakijatoka. Kama yupo kati yenu anayetaka kupanda mitupu, sitamwita mpumbavu. Nitamwomba tu kwanza amshikie mti mtu anayempenda.

Aliondoka bila kusema habari za keshokutwa. Aliaga vizuri, akampa bibi yake mkono, akawasha pikipiki. Mvua haikunyesha, wingu limepita kuelekea Tabora mjini.

Baadaye Mama Asha akaenda kuchota maji ya kupikia, akarudi na ndoo tupu. Kamba ya kisima haipo. Tumeitafuta chini ya mwarobaini, tumeitafuta jikoni. Shabani ameondoka nayo. Huenda ameichukua kufungia mizigo kwenye pikipiki, sitaki kujidanganya. Lakini mizigo hakuwa nayo.

Maji tumeomba kwa jirani, ndiyo maana chakula kimechelewa. Tumekula ugali wa muhogo na nsansa iliyoungwa karanga, na mimi nimekula sana.